Nani atapokea?

Lincoln, Nebraska. Jumapili, 17 Agosti 2025.

Nimetoka zamu saa tano usiku, miguu imevimba kama niliyetembea kutoka Songea mpaka Peramiho, na badala ya kulala nimekaa hapa naandika habari za mpira wa wavu. Lawama zote zimwendee Bibi.

Bibi ana miaka 88. Anakaa chumba cha mwisho kwenye korido yangu, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwahudumia. Si ndugu yangu. Ni Mzungu wa hapa hapa, mke wa mkulima wa mahindi, mjane sasa mwaka wa tisa. Siku za mwanzo ulimi uliponiteleza nikamwita "Bibi" aliuliza neno hilo maana yake nini. Nilipomweleza akanyamaza kidogo, kisha akasema basi niendelee kumwita hivyo, kwa sababu wajukuu zake wako California na simu hawapigi. Yeye ndiye aliyenifanya niyajue majina ya mabinti wa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska kuliko ninavyoyajua ya wabunge wa mkoa wangu.

Leo nilipoingia na dawa zake za jioni nilimkuta ameshabandika ratiba ya msimu mpya kwenye mlango wa friji yake ndogo, kalamu nyekundu mkononi. Ijumaa hii, tarehe 22, Nebraska na Pittsburgh. Jumapili, Stanford. Mwisho wa mwezi, Kentucky. "Angalia," akaniambia, "kocha mpya, halafu wanamwanzishia na hawa." Pittsburgh wamefika nusu fainali ya taifa miaka minne mfululizo, 2021 mpaka 2024, na wanaye Olivia Babcock, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote mwaka jana. Huyo akishapaa upande wa kulia, wa kumzuia ni Mungu.

Na pamoja na hayo, makocha wa vyuo wamepiga kura yao ya kabla ya msimu na kuwaweka Nebraska namba moja.

Nilimpa Bibi hongera. Akanitazama kama niliyemwaga chai kitandani. Marehemu mumewe, akasema, miaka yote ya kulima hakuwahi kutamka atavuna kiasi gani kabla ya Oktoba, kwa sababu mvua ya mawe ya dakika kumi iliwahi kulilaza shamba zima lililokuwa limesimama vizuri. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Mimi ni mtoto wa Ruvuma. Kwetu mtu akianza kuhesabu magunia wakati mahindi bado yana ndevu, wazee wanamwondokea. Ilinichukua muda kujua kwamba hata jina la timu hii ni la mahindi: Cornhuskers, yaani wamenya mahindi. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu kwenye basi. Nimemenya mahindi utoto wangu wote na hakuna aliyenijengea uwanja.

Maana hawa wana uwanja. Tiketi za ukumbi wao zimekuwa zikiisha kila mechi tangu 2001. Tarehe 30 Agosti 2023 waliutoa mchezo nje, wakatandika sakafu ya wavu katikati ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa hapa mjini, wakaja watu 92,003 kuangalia wasichana wakicheza voliboli. Ni rekodi ya dunia kwa mchezo wa wanawake. Mimi ukumbini sijawahi kuingia, naupita tu nikiwa kwenye basi. Bei za tiketi na mshahara wangu hawasalimiani.

Kombe la taifa, hata hivyo, hawajalishika tangu 2017. Bibi anazisoma fainali walizopoteza kama mtu anayetaja misiba ya ukoo. 2018, Stanford, seti tano. 2021, Wisconsin, seti tano tena. 2023, Texas, seti tatu kavu. Halafu Desemba iliyopita, nusu fainali na Penn State, na hiyo niliiona mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, kazi zangu za usiku nimeziacha (mkubwa wangu asisome hapa). Nebraska walishinda seti mbili za kwanza. Seti ya nne walikuwa mbele 22 kwa 16. Pointi tatu tu! Bibi alikuwa ameshaniagiza nimletee aiskrimu. Nilirudi na kibakuli nikakuta Penn State wanasogea, wanasogea, wakaichukua seti ile 28 kwa 26 na ya tano 15 kwa 13. Kandambili ya Bibi ya mguu wa kulia ilipita karibu na sikio langu ikagonga televisheni. Mkono una baridi yabisi, lakini shabaha ipo.

Sasa msimu huu. Kila anayeizungumzia timu anaanza na wapigaji, na hakosei. Harper Murray yuko kushoto, Andi Jackson na Rebekah Allick katikati, na Bergen Reilly, seta, wa kuwapandishia. Wote wamerudi. Pengo lipo kulia, alikokuwa Merritt Beason aliyemaliza chuo. Wameleta Mwitaliano, Virginia Adriano, na Allie Sczech aliyehamia kutoka Baylor, na mji mzima unabishana nani aanze. Waacheni wabishane. Mimi na Bibi tunabishania mtu mwingine, yule wa nyuma.

Lexi Rodriguez amevaa jezi ya libero kwa miaka minne na sasa ameondoka. Libero ni yule mmoja mwenye jezi ya rangi tofauti na wenzake. Hazuii pale wavuni, hapigi smashi, kazi yake ni sakafu. Hapa Marekani wamempa nafuu moja iliyonishangaza sana siku ya kwanza, nikadhani refa amelala: kwenye mechi za vyuo libero anaruhusiwa kusevu, yaani kuanzisha mpira. Nilikokulia mimi ukithubutu hivyo filimbi inapulizwa kabla mpira haujatoka mkononi. Na kubadilisha wachezaji ni mara 15 kwa seti, wakati kanuni za kimataifa zinakupa sita. Wanaingia na kutoka kama daladala ya asubuhi.

Lakini turudi kwenye kupokea. Sevu za mabinti hawa zinakuja kwa kasi halafu zinayumba hewani, huwezi kujua zitaangukia wapi mpaka ziwe zimekufikia. Ukiipokea vizuri, mikono imefungana, magoti yamekunjika, mpira ukashuka polepole hatua moja kutoka wavuni, Reilly ana njia tatu: Murray kushoto, mtu wa kulia, au Jackson katikati kwa mpira wa haraka ambao mzuiaji anauona ukiwa umeshagonga sakafu nyuma yake. Ukiipokea vibaya, mpira ukaenda mita nne nyuma, njia inabaki moja. Unaurusha juu kushoto, unamwombea Murray, na mbele yake mikono minne imeshasimama inamngoja. Jackson hapo ni mtazamaji kama mimi na Bibi, tofauti yake amevaa magotipedi.

Nenda kaiangalie ile fainali ya 2023. Watu wanakumbuka smashi za Texas, mimi nakumbuka sevu zao. 25 kwa 22, 25 kwa 14, 25 kwa 11. Kadiri mapokezi yalivyoharibika ndivyo wapigaji walivyozidi kuonekana wabovu, na hawakuwa wabovu. "Na Lexi alikuwemo uwanjani," Bibi ananikumbusha kila ninapoirudia hoja hii, kwa raha kabisa. Kweli, alikuwemo. Ndiyo maana naogopa zaidi, kwani kama yeye yupo ilikuwa vile...

Wanaotajwa kurithi jezi hiyo ni wawili. Kuna Laney Choboy wa North Carolina, amekuwa akiingia nyuma kwa misimu miwili, ana sentimita 160 tu, mfupi kama mimi, na anajitupa sakafuni kana kwamba amewekewa godoro. Na kuna Olivia Mauch, mtoto wa Nebraska, msimu wake wa pili. Bibi ni wa Mauch. Nikimuuliza sababu ananiambia ana mikono iliyotulia, lakini najua, ni udugu wa jimbo.

Anayeamua ni kocha, na hapo ndipo Bibi huniacha nimalize sentensi bila kunikatiza. John Cook aliyeifundisha timu hii misimu 25 na kuipa makombe manne alitangaza kustaafu Januari. Ukumbi wameshaupa jina lake. Akaletwa Dani Busboom Kelly kutoka Louisville, timu aliyoifikisha fainali mbili, 2022 na 2024, akapoteza zote. Ni binti wa mji mdogo kusini mwa hapa. Alicheza Nebraska. Aliingia akiwa seta, wakambadilisha wakamfanya libero, na mwaka huo, 2006, wakatwaa ubingwa Omaha.

Seta aliyefanywa libero. Hilo niliposikia mara ya kwanza niliacha kukunja mashuka.

2017, UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, Mwanza. Nilikuwa seta wa shule yangu, nikachaguliwa timu ya mkoa wa Ruvuma, mama akaniuzia debe mbili za mahindi ninunue raba. Njiani kutoka Songea ni safari isiyokwisha, tuliimba mpaka Singida sauti zikakauka. Jioni ya pili kambini mwalimu wa michezo akaniita pembeni. Hakunizungusha. "Mwanangu, kesho utakaa nyuma. Kupandisha atapandisha mwenzako." Mwenzangu alikuwa wa shule nyingine, ananizidi kichwa kizima, na mikono yake, kusema kweli, ilikuwa mizuri. Nikasema sawa mwalimu. Nikaenda kwenye mabafu nikafungua bomba ili watu wasisikie.

Nilichojifunza nyuma kule sikufundishwa na mtu. Usiangalie mpira, angalia bega la anayesevu. Jua liko upande gani (tulicheza nje, saa tisa alasiri, vumbi na upepo wa ziwani). Ukipokea mpira mzuri, kelele zinamwendea aliyeupiga. Ukipokea mbaya, uwanja mzima unajua jina lako. Siku ya tatu nilijitupa kuufuata mmoja na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikabaki nyuma. Tulitolewa hatua ya makundi. Kidole hakikurudi sawa mpaka leo, kimepinda kama ndoano.

Bibi alikiona zamani, lakini leo ndiyo ameuliza. Nilimsimulia huku nikimpima presha. Alikishika kile kidole kwa vidole vyake viwili, akakigeuza huku na huku kama anayekagua hindi kama limekomaa, akauliza: "Na ule mpira uliupata?"

Niliupata, Bibi. Seta akaupandisha, mpigaji wetu akapiga nje.

Akacheka mpaka presha ikabidi nipime upya.

Kwa hiyo matarajio yangu, kwa kuwa dada yangu kule Songea ameniuliza kwenye simu na nikamwambia nitaandika: kura ya makocha haikukosea, lakini wamehesabu wapigaji. Agosti na Septemba watashinda nyingi, hata huo mwanzo mgumu sina wasiwasi nao sana, Reilly anaweza kuokoa mapokezi mabaya mengi kwa miguu yake. Ninachoogopa ni Desemba. Nusu fainali na fainali ziko Kansas City safari hii, saa tatu kwa gari kutoka hapa, na huko kila timu ina watu wa kusevu. Mwaka jana walimaliza wameshinda mechi 33 na kupoteza tatu, na mtu akikuuliza unakumbuka nini unataja seti moja.

Bibi haogopi Desemba. Anaogopa Ijumaa, kwa sababu ratiba ya zamu ilikuwa inaonyesha Ijumaa jioni mimi sipo. Nimeshaongea na mama mmoja wa Uvira tunayefanya naye kazi, tumebadilishana, yeye achukue Jumatano yangu. Alikubali, ila alinisema: "Weye, hii mupira ya mikono itakuletea shida na boss." Mwenyewe Jumapili asubuhi haguswi, yuko kwaya.

Kabla sijazima taa chumbani kwake Bibi alitaka tuwekeane dau, nani atavaa jezi ya libero. Soda moja, ya mashine ya korido. Nikachana kikaratasi vipande viwili. Mimi nimeandika Choboy na kukibandika wazi pale kwenye friji, kando ya tarehe 22. Cha kwake amekiandika amekikinga kwa kiganja, akakikunja mara nne, akaniomba nimsogezee picha ya mumewe iliyo dirishani, akakisukuma chini ya fremu. Amesema nisikiguse mpaka wachezaji watakapotangazwa.