Cron ilikuwa haitunzi nakala za usiku: kumbe ni alama ya %

Hatimaye imekubali! Kompyuta ya duka letu la vifaa hapa Ngamiani, Tanga, ilikuwa haitunzi nakala ya mauzo usiku. Amri ya tar (hufunga mafaili kuwa moja) yenye $(date +%F), yaani tarehe ya siku, kwenye jina la faili, nikiichapa kwa mkono inakwenda. Cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba, ikiiendesha, kimya. Nikabadilisha ruhusa, njia za mafaili, hata saa. Wapi!

Jibu liko kwenye man 5 crontab, yaani mwongozo wa faili la ratiba za cron. Hiyo 5 usiiache: man crontab tupu huleta maelezo ya amri, si ya muundo wa faili. Humo wamesema, tena kwa kupitia tu, kwamba % ndani ya crontab huhesabiwa mstari mpya. Amri ilikuwa inakatwa palepale kwenye +.

Andika $(date +\%F). Ndani ya skripti ya kando, mkwaju huo hauhitajiki.