Barabara Niliyoikuta Imehama

Nilishuka metro kituo cha République asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha, kuitafuta barabara ambayo nilikuwa nimeiona kwenye filamu mara nne. Boulevard du Temple ipo, hata kibao chake kipo ukutani, lakini pembeni ni magari tu na mikahawa. Mwaka 1862 karibu majumba yote ya maigizo ya hapa yalibomolewa ili Paris ipanuliwe, na Funambules, lile nililolifuata, likaenda na vumbi hilo. Lililosalimika ni Déjazet, kwa kuwa lilikuwa upande wa pili wa barabara. Nililikuta limefungwa.

Zamani watu waliiita Boulevard du Crime. Si kwa sababu ya wezi. Ni kwamba kila usiku watu waliuawa humo jukwaani. Funambules lilikuwa jumba la wanyonge. Kwa miaka mingi haki ya kuzungumza jukwaani ilikuwa ya majumba makubwa, haya madogo yakaachiwa sarakasi na maigizo bubu. Yaani ukimya tunaousifia leo kama sanaa ulianza kwa kunyimwa kibali.

Aliyenufaika na ukimya huo ni Jean-Gaspard Deburau, mwigizaji wa Funambules, mzaliwa wa Bohemia, 1796. Pierrot wake, yule mchekeshaji wa uso mweupe wa maigizo ya kale, aliutupa ukosi wa marinda, akavaa shati jeupe pana na kikofia cheusi, uso mweupe ukabaki wazi wote. Wenzake waliruka huku na huko, yeye akatulia. Mwaka 1836 alimpiga fimbo kijana aliyemtukana njiani, kijana akafa. Mahakama ilifurika, na inasimuliwa kwamba wengi walikwenda tu kuisikia sauti yake. Aliachiwa huru.

Nilitoa simu nikaitazama picha ya Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya barabara hii hii, ya 1838. Ni kama mji uliohamwa. Kamera ilihitaji dakika kadhaa kunasa taswira, kwa hiyo waliokuwa wakipita hawakuacha hata kivuli. Anayeonekana vizuri ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Na ile barabara ya kwenye filamu? Ilijengwa Nice, kusini mwa Ufaransa, wakati wa vita. *Les Enfants du paradis* ilitoka 1945: Jean-Louis Barrault ndiye Deburau, na baba yake anaigizwa na Étienne Decroux, ambaye ndiye aliyemfunza Barrault kuigiza bila maneno. Mwanafunzi mwingine wa Decroux, Marcel Marceau, alimbuni Bip, mhusika wake bubu, mwaka 1947 akazunguka naye dunia. Baadaye, 1976, Mel Brooks, mchekeshaji na mwongozaji wa filamu wa Marekani, alimweka Marceau katika filamu yake bubu, na neno pekee linalosikika humo, "Non!", akampa yeye alitamke. Mzaha huo mimi bado unanichekesha.

Kutoka République hadi makaburi ya Père Lachaise ni vituo vitatu tu. Deburau na Marceau wote wamezikwa huko, Méliès wa sinema pia. Nilipotea mara mbili kwenye vilima vile vya mawe, viatu vimelowa, hadi nikalifikia kaburi la Deburau. Nikaazimia kusimama dakika tano bila kutikisika, kama yule wa viatu. Nikatega saa ya simu.

Dakika ya tatu pua ikaniwasha.