Bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia, na pete zilizonikwamisha

Nauza spea za magari Mwanjelwa, huu mwaka wa kumi na moja. Mteja akiniuliza anunue gari gani, swali langu ni lilelile: spea zake utazipata wapi? Nimelisema mpaka vijana wa dukani wananiigiza sauti. Sasa sikilizeni nilivyokwenda kununua bunduki.

Hamu ilianzia Chunya. Kwa misimu mitatu niliwasindikiza jamaa wenye vibali vya uwindaji wa wenyeji, kazi yangu ikiwa kuendesha gari, kuchemsha chai na kubeba nyama. Msimu unafunguliwa Julai, na Julai ya kwetu mnaijua: alfajiri Mbeya mjini vidole vinakataa kushika usukani, ukishateremka kuelekea Makongolosi unaanza kuvua nguo moja moja. Msimu wa nne nikasema basi, chai atachemsha mwingine.

Habari ya leseni nitaipita haraka. Ni barua, vikao na kusubiri, kuanzia serikali ya mtaa kwenda juu, na kabati la chuma nyumbani liwe limeshafungwa ukutani kabla hujaota silaha. Ila kuna jambo watu wanalichanganya. Silaha unamilikishwa na polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, wakati kibali cha kuwinda kinatoka TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kwa mnyama fulani, eneo fulani na siku zilizoandikwa. Ukiwa na kimoja bila kingine, porini wewe ni jangili tu.

Aina ya bunduki haikunisumbua. Zinazojipakia zenyewe hazitakiwi kwenye uwindaji. Shotigani na marisawa yake inafaa kanga na kwale, na mimi nilikuwa nataka swala pala, ngiri, ikibidi pofu. Nyati sikumtaka, nyati ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ya .375 kwenda juu, na teke la .375 nimelionja mara moja kwenye bega la kulia, sikuomba la pili. Kwa hiyo ni bunduki ya bolti: unavuta, ganda linatoka, unasukuma, risasi inaingia. Haina mambo mengi ya kuharibika, na hata ikiwa ya bei nafuu hulenga vizuri.

Kilichonisumbua ni kaliba. Usiku nilikuwa naangalia video za Wamarekani wakipiga sahani za chuma mbali kabisa na 6.5 Creedmoor, kaliba iliyotoka 2007, na nikashawishika kwamba bila hiyo siwindi. Nikampelekea habari mzee mmoja wa Uyole, askari wanyamapori mstaafu, Mhehe wa Mafinga, ambaye ndiye aliyekuwa anatuongoza Chunya.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umeshapata bunduki?"

Nikamweleza Creedmoor, upepo, mita mia saba. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua kahawa yake.

"Sasa mwanangu, hiyo sita na nusu yako, risasi zake zinauzwa wapi?"

Nikakaa kimya.

"Si wewe ndiye unayeuza spea?"

Aliniachia nafasi ya kuona aibu, kisha akanipa hesabu yake. Porini kwetu swala anapigwa ndani ya mita 150, mara nyingi chini ya 100, kwa sababu miombo haikuachii kuona zaidi. Kwa umbali huo mnyama hajui kama risasi ni ya mwaka jana au ya zamani. Chagua kati ya .308 na .30-06, uangalie ni ipi maduka yenye leseni yanayo kila unapopiga simu. Risasi za kaliba hizo zina kipenyo kimoja. Kinachotofautiana ni ganda, la .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 milimita 63. Hii ya pili ilianza na jeshi la Marekani mwaka 1906 na mpaka leo inatengenezwa kila mahali. Nikapiga simu tatu siku hiyohiyo. Zote mbili zilikuwepo. Creedmoor, duka moja liliniambia "tukuagizie", neno ambalo mimi mwenyewe humwambia mteja nikiwa sina kitu.

Bajeti yangu yote, pamoja na darubini, ilikuwa milioni saba. Hapo nikabaki na njia mbili. Ya kwanza ni Savage Axis mpya ya .308, kitako cha plastiki, nyepesi, inakuja na darubini yake. Mtutu wake una sifa nzuri. Ila nilipokishika kitako kwa mbele na kubana kwa kidole gumba, plastiki ililala mpaka ikagusa mtutu. Kitu kinachogusa mtutu leo na kesho hakigusi kinahamisha risasi. Njia ya pili ni CZ 550 iliyotumika, ya .30-06, kitako cha mbao, kazi ya Wacheki, yenye ukucha mrefu unaolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, mtindo wa Mauser wa 1898. Mwenyewe alikuwa mkulima wa upande wa Iringa ambaye goti lilimkatalia kutembea.

Niliikagua kama ninavyokagua injini. Bolti nje, karatasi nyeupe pale bolti ilipokuwa inakaa, tochi ya simu juu ya karatasi, jicho kwenye mdomo wa mtutu. Mifereji ya ndani ilizunguka mpaka mwisho, inang'aa, bila madoa ya kutu. Mdomo wenyewe nikaupapasa kwa ukucha kutafuta pengo, maana bunduki nyingi za kubebwa kwenye gari huumia hapo. Nikatazama vichwa vya skrubu. Vilivyochubuka vinakuambia fundi wa mtaani ameshapita. Nikatafuta ufa kwenye mbao nyuma ya bolti. Hakuna. Triga yake ukiisukuma mbele inalia tiki, halafu inakuwa nyepesi kiasi cha kuogopesha. Mzee akanikataza kuigusa namna hiyo. "Kidole kilichoganda kwa baridi hakijui wepesi huo." Mpaka leo sijaisukuma mbele. Uhamisho wa umiliki tukaufanya polisi, mbele ya ofisa, na bunduki haikulala kwangu mpaka karatasi zilipokamilika.

Darubini nikainunua peke yake, na hapa nilikuwa karibu kupotea. Muuzaji mmoja alinionyesha dude la 6-24x50, yaani linakuza mara 6 mpaka 24 na kioo cha mbele ni milimita 50, jina ambalo sijawahi kulisikia, lenye taa nyekundu na kijani ndani. "Hii, kaka, unahesabu miti juu ya Loleza." Kweli nilihesabu, saa nane mchana. Nikamwomba nirudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikaelekeza palepale mlimani, ikiwa imevutwa mpaka mwisho, nikaona kama nimevalishwa gunia. Hesabu yake ni rahisi: upana wa kioo cha mbele ugawanye kwa ukuzaji. Hamsini kwa 24 ni kama milimita 2, ndiyo mwanga wote unaoingia jichoni, na mboni ya jicho gizagiza hufunguka zaidi ya maradufu ya hapo. Darubini ya kawaida ya 3-9x40, ikiwa kwenye 9, inakupa milimita 4.4, ukiirudisha 3, inakupa 13. Swala hutoka alfajiri na jioni. Nikachukua 3-9x40, ya kampuni inayojulikana, bila taa.

Jambo jingine nililoangalia ni umbali wa jicho. Jamaa yangu mmoja ana kovu kama mwezi mchanga juu ya unyusi. Alifunga darubini ya bunduki ya upepo kwenye .30-06, ikamrudia usoni. Yangu inaonyesha picha kamili jicho likiwa sentimita 9 nyuma. Niliupima kwa rula pale dukani, muuzaji akanicheka.

Basi nikanunua na pete za kuifungia, mbili, nzuri, za chuma, za reli aina ya Weaver, kwa sababu kila mtu anazo hizo. Nikafika nyumbani nikifurahi. Nikaziweka juu ya bunduki. Zikacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto.

CZ 550 haina reli ya kufungwa kwa skrubu. Chuma chake cha juu kimechongwa chenyewe, mashavu mawili yenye upana wa milimita 19, na kinataka pete zake. Pete za bunduki za upepo, za milimita 11, haziingii. Za Weaver hazishiki. Mimi, miaka kumi na moja nikiuza beringi kwa namba, nilinunua spea bila kuuliza namba. Mke wangu alipoona nimekaa kimya mezani akauliza kama bunduki imekataa. Nikamwambia imekubali, mimi ndiye niliyekataa.

Pete za milimita 19 zilichukua wiki tano kufika kutoka Dar, na bei yake iliuma, maana muuzaji alijua sina pa kwenda. Muuzaji wa za Weaver alikataa kurudisha pesa kwa sababu nilishafungua pakiti. Sikubishana naye sana. Mimi pia nina kibao kama hicho dukani.

Kufunga kwenyewe nilikuwa nyumbani sasa. Nikasafisha mafuta kwenye skrubu na mashavu kwa spiriti, nikakaza kwa msalaba kidogo kidogo kama nati za gurudumu, nikiangalia nyaya za msalaba wa kulengea ndani ya darubini zisilale upande.

Uwanja wa shabaha tulikwenda na mzee, kwa ruhusa. Akatoa bolti, akaiweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akanielekeza nitazame ndani ya mtutu mpaka duara jeusi la mita 25 likae katikati ya tundu. Kisha, bila kugusa bunduki, nikazungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba nao ukakaa palepale. Risasi ya kwanza ikapiga sentimita 6 chini. Kila tiki ya kifundo inahamisha risasi milimita 7 kwenye mita 100, kwa hiyo kwenye 25 haifiki hata milimita 2. Nikazungusha tiki 33. Ya pili ikagusa duara. Tukahamia mita 100, tukaiacha ipige sentimita 4 juu ya katikati. Kwenye mita 200 inakuwa imeshuka chini kidogo tu, na mbali zaidi ya hapo mzee amenikataza.

Baadaye risasi zangu zikaanza kutawanyika. Nikalaumu pete, nikalaumu darubini. Mzee akasema nitazame pembeni, anipakie yeye. Nikavuta triga: tiki. Hakuna mlio, na mtutu ulichota chini kama jembe. Alikuwa ameweka risasi ya bandia.

"Pete ziko sawa," akasema. "Bega lako ndilo linaogopa."

Tukapoteza asubuhi nzima hivyo, ya kweli, ya bandia, bila mimi kujua ipi ni ipi, mpaka mtutu ukatulia.

Agosti nilipata swala pala dume, mita 80, darubini ikiwa kwenye 3, ofisa wanyamapori amesimama nyuma yangu. Risasi moja. Chai alichemsha kijana wa dukani.

Zile pete za Weaver ziko dukani, kwenye rafu ya beringi, na bei nimezibandika. Sijapata mteja.