Nilivyohangaika na miche ya paini mpaka udongo ukanifundisha adabu

Nianze na yule wa duka la pembejeo maana bado nina hasira naye. Miche yangu ya paini, viriba kama elfu mbili hivi huku Mufindi, iliota vizuri tu halafu ikagoma. Miezi inapita iko urefu wa kidole, sindano za chini zambarau, za juu njano. Akaniambia weka yurea. Nikaweka, mingine ikaungua kabisa. Nikarudi akaniuzia dawa ya majani, laki na ushee ikayeyuka hivi hivi.

Basi nikajifanya mjanja. Nikasema udongo bora si ule mweusi wa msitu wa asili, chini ya podo, na podo na paini si ndugu tu? Nikapakia viroba sita kwenye bodaboda, safari tatu, kimoja kikapasuka katikati ya barabara nikawa nazoa udongo kwa mikono watu wananiangalia kama nimechizi. Nikachanganya, nikamwagilia, nikangoja. Hakuna kitu!

Kuna mzee alifanya kazi vitalu vya miti miaka mingi, nikaenda kumwamkia na kiriba mkononi. Akacheka kwanza. "Mwanangu, podo ana fangasi wake wa kumsaidia mizizi kunyonya chakula, na paini ana wake. Wa podo wanaingia ndani ya mzizi, wa paini wanauvaa mzizi kwa nje kama soksi. Paini ni mgeni hapa, katoka Mexico, na fangasi wake waliletwa kwenye udongo wa miche." Akaniambia nikachote chini ya paini wazee.

Sasa mimi na uvivu wangu nikaenda kwa jirani, shamba lake la paini liliungua kiangazi, karibu na nyumbani. Nikachota pale pale lilipoungulia lundo la matawi, majivu tele, nikijua napata na mbolea juu. Wapi! Fangasi hao wengi wanakaa sentimita chache tu za juu, na moto uliokaa sehemu moja muda mrefu unakuwa umeshawapika.

Mwishowe ndo nikatii, nikaenda chini ya paini wazee. Unafagia sindano kavu, unachota ule udongo wa juu wenye nyuzi nyeupe, koleo moja kwa tisa za udongo wa kawaida. Ila raha yangu ni uyoga wa fangasi hao hao. Mvua zikianza unatoka chini ya paini, kichwa cha kahawia kinateleza, chini una vitundu kama sponji. Nilisaga ndoo nzima nikachanganya na maji nikamwagilia miche, mke wangu akadhani napika pombe. Na yurea nikaacha kabisa, mbolea nyingi inawakatisha tamaa hao fangasi.

Baada ya wiki kadhaa nikachana kiriba kimoja: ncha za mizizi zimegawanyika kama panda ya manati, nyeupe, fangasi wameshika. Nikampelekea mzee usiku huo huo na tochi.

Vile viriba vya yurea viko nyuma ya choo, mke wangu kapanda vitunguu.