Malkia mmoja, testityubu moja: kulea koloni ya sisimizi tangu yai la kwanza

Malkia wa sisimizi aliyekwisha kupandwa haombi mengi. Mbegu za dume amezibeba kwenye kifuko kidogo tumboni na zitamtosha maisha yake yote. Malkia wa Lasius niger, sisimizi mweusi wa bustani, amewahi kuishi zaidi ya miaka 28 akifugwa, na dume hakumwona tena baada ya siku ile moja ya kuruka. Chakula cha kuanzia nacho anacho mwilini. Akishayakata mabawa yake, misuli minene iliyokuwa ikiyapiga, ile iliyojaza kifua, huyeyuka polepole pamoja na mafuta ya tumboni, ikageuka mayai na mate ya kulishia mabuu. Hiyo ndiyo akiba yake, na haiongezeki mpaka mabinti wa kwanza, yaani wafanyakazi, watoke kutafuta riziki. Kila akitikiswa, akimulikwa, akilazimika kuhamisha mayai mdomoni huku na huko, akiba inaliwa bure. Malkia wengi hufia mikononi mwa watu wanaowapenda sana na kuwachungulia kila saa.

Kwanza hakikisha umeokota malkia kweli. Spishi nyingi huruka mvua ikishakatika, hewa ikiwa na joto na unyevu, upepo ukiwa umetulia. Siku hizohizo hutoka kumbikumbi, na hao ni mchwa, si sisimizi. Tazama kiuno: cha sisimizi kimebanwa kama kimefungwa uzi, cha kumbikumbi ni kinene moja kwa moja. Vipapasio vya sisimizi vimepinda kama kiwiko, vya kumbikumbi vimenyooka kama shanga zilizotungwa. Mabawa manne ya kumbikumbi yanalingana urefu, ilhali kwa sisimizi ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Malkia asiye na mabawa utamjua kwa kifua kipana kilichoinuka kama nundu, chenye makovu madogo ubavuni pale mabawa yalipokatikia. Mwembamba mwenye kichwa kidogo na mabawa yake kamili ni dume, mwache aende. Malkia akiwa bado na mabawa usiyavute. Wengine huyaangusha baada ya siku kadhaa, na wapo wanaotaga nayo mgongoni bila shida.

Kuna malkia wasiofaa kujaribiwa, hata wakikuvutia vipi. Siafu hawaanzishi koloni kwa malkia peke yake: malkia wao hana mabawa kabisa, na koloni huongezeka kwa kugawanyika, sehemu moja ikiondoka na jeshi zima la wafanyakazi. Lasius umbratus na jamaa zake ni vimelea, lazima wapate wafanyakazi wa spishi nyingine wa kuwatumikia. Sisimizi wakata majani wa jenasi ya Atta hubeba kipande cha kuvu mdomoni kutoka kwa mama yao, na kipande hicho kikifa, hakuna koloni.

Kwa waliobaki, swali kubwa ni kama malkia hula au hali wakati wa kuanza. Sisimizi wa jenasi za Lasius, Camponotus, Messor na Pheidole wengi hujifungia wasile chochote mpaka wafanyakazi watoke. Myrmica na wengi wa kundi la Ponerinae hutoka kuwinda huku wakilea; ukiwafungia bila chakula watakula mayai yao, kisha watakufa wenyewe. Kama hujui wako ni wa namna gani, weka tone la maji ya asali lenye ukubwa wa kichwa cha pini mara moja kwa wiki, uliondoe kesho yake. Anayejifungia atalipita. Mwenye njaa atalinywa mpaka tumbo livimbe, na huyo mpe tone na kipande cha mdudu kila baada ya siku tatu au nne.

Sasa nyumba. Testityubu ya kipenyo cha milimita 16 na urefu wa milimita 150 inatosha malkia wengi. Kwa Camponotus wakubwa tafuta ya milimita 20 au zaidi. Tia maji safi mpaka sentimita 6 kutoka chini, yaani kama mililita 9. Chukua pamba nyeupe isiyo na dawa wala manukato, ikunje iwe donge gumu, uisukume kwa kijiti butu mpaka iguse maji na kulowa hadi uso wa mbele. Pamba ichukue sentimita 2. Acha chumba cha sentimita 5, na zile 2 za mwisho ni za pamba kavu ya mlangoni.

Donge la maji ndilo linaloamua kila kitu. Likilegea, maji yanavuja na malkia anazama usiku. Likibanwa kupita kiasi, unyevu haupiti na mayai yanakauka. Geuza testityubu kichwa chini, utikise: uso wa pamba ung'ae kwa unyevu lakini tone lisianguke. Kisha ilaze usiku kucha kabla ya kumwingiza malkia. Asubuhi ukikuta dimbwi ndani ya chumba, toa pamba uanze upya. Hewa nyingi iliyonaswa kati ya maji na pamba ni hatari pia, maana chumba kikipata joto ile hewa hutanuka na kuyasukuma maji yapite. Pamba ya mlangoni iwe kavu na ya kubana kiasi, hewa ipite ila mtu asipite. Wafanyakazi wa kwanza wa Pheidole ni wadogo mno na hupenya kwenye pamba iliyolegea.

Mwingize kwa kuweka mdomo wa testityubu mbele yake na kumgusa nyuma kwa unyoya au brashi laini. Usimshike kwa koleo. Ilaze, uiwekee kipande cha sponji kila upande isibingirike, uifunike kwa kitambaa cheusi, uiweke kwenye droo isiyofunguliwa ovyo na isiyo karibu na spika, mashine ya kufulia au mlango unaobamizwa. Joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi linafaa spishi nyingi za nchi za joto. La muhimu zaidi ni lisipande na kushuka. Ukitumia waya wa kupasha joto, usiupitishe upande wa maji: maji yatageuka mvuke, yatagandia ukutani kwa matone, na mayai yataloa.

Kisha kaa mbali. Tazama mara moja kwa wiki, dakika moja, kwa mwanga mwekundu hafifu. Sisimizi wengi hawauoni vizuri wekundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 John Lubbock, Mwingereza aliyechunguza sisimizi, alionyesha kwamba wanahisi hata mwanga wa urujuanimno, usioonekana na jicho la binadamu, na kwamba huhamisha watoto wao wauepuke. Taa nyeupe ya simu kwao ni paa la kiota lililobomoka.

Katika dakika hiyo moja kuna mengi ya kuona. Mayai hayatawanyiki, malkia huyalamba mpaka yakashikamana kama kibonge cha punje nyeupe, na kulamba huko ndiko kunakozuia ukungu. Buu hutambulika kwa kuwa lina mkunjo na huacha kung'aa kama yai. Kwa Lasius na Camponotus, buu lililokomaa hujifuma kifukofuko cha rangi ya kahawia hafifu, na mwishoni mwake hutokea doa jeusi. Wageni wa kazi hii huliona wakadhani limeoza. Ni kinyesi cha maisha yote ya ubuu, kilichotolewa mara moja kabla ya kugeuka pupa. Pheidole na Messor hawafumi. Pupa wao ni weupe, uchi, miguu imekunjwa kifuani, na macho ndiyo hutangulia kuwa meusi. Ukiona macho meusi, hesabu siku, si wiki.

Muda hutegemea spishi na joto. Pheidole wanaweza kutoa mfanyakazi ndani ya mwezi mmoja hivi. Lasius niger huchukua wiki 6 hadi 8, Camponotus wiki 6 hadi 10, na ubaridi huongeza siku. Wafanyakazi wa kwanza ni wadogo kuliko wote watakaofuata, kwa kuwa mama aliwagawia akiba ndogo. Hutoka wakiwa na rangi iliyopauka, wanayumba, na rangi hukolea siku kadhaa baadaye. Waache siku mbili kabla ya kufungua pamba.

Mlo wa kwanza uwe mdogo kuliko unavyodhani. Changanya sukari sehemu moja na maji sehemu tatu au nne. Kwa kijiti cha meno weka tone la milimita 2 juu ya kipande cha foili cha milimita 5 kwa 5, ulisogeze ndani karibu na mlango. Foili inakusaidia kutoa mabaki bila kugusa watoto, na tone kubwa humzamisha mfanyakazi wa saizi hiyo. Pembeni weka paja la panzi au nusu ya inzi mdogo wa matunda. Sukari ni nguvu ya wakubwa. Protini ni ya mabuu na ya malkia anayetaga, na sisimizi mkubwa hawezi kumeza kigumu: koo na kiuno chake hupitisha majimaji tu, hivyo nyama hupelekwa kwa mabuu, ambayo huilainisha. Koloni yenye mabuu mengi ikikosa wadudu, mabuu husinyaa na malkia huacha kutaga, hata kama sukari ipo tele.

Mdudu awe amekwisha kufa, amekatwa, na amelala kwenye friza siku nzima au amechovywa kwenye maji yanayochemka sekunde chache, ili utitiri usiingie naye. Usichukue mdudu uliyemkuta amekufa ndani ya nyumba. Huenda aliuawa kwa dawa, na dawa hiyo itafika kwa malkia kupitia vinywa vya mabinti zake. Lisha mara mbili au tatu kwa wiki, na toa mabaki baada ya saa 24. Messor wape mbegu ndogo, lakini kwa wafanyakazi wa kwanza zipondeponde, maana taya zao bado hazina nguvu.

Pamba ya maji ikipata ukungu mweusi au wa njano usikimbilie kuwahamisha. Ukungu huo hauwadhuru sana kama maji bado yapo na malkia amekaa mbali nao. Hofu ya kweli ni maji kuisha. Yakibaki sentimita 1, unganisha testityubu mpya mdomo kwa mdomo kwa selotepu, funika mpya kwa kitambaa cheusi, acha ya zamani kwenye mwanga wa kawaida wa chumba. Wanaweza kuhama jioni hiyohiyo, au wakae wiki mbili wakitafakari. Kuwamwaga kwa kugongagonga kunavunja mabuu na kumtia malkia hofu itakayomfanya ale mayai. Mwaga tu ikiwa maji yameingia chumbani na kuna anayezama.

Malkia akila mayai mara moja, mara nyingi ametishwa: mwongezee giza, usimfungue kwa wiki tatu. Akila kila anachotaga kwa miezi miwili, au mayai yasianguliwe kamwe, huenda hakupandwa. Kuna hali nyingine inayodanganya zaidi: watoto wanakua vizuri, kisha wote wanatoka na mabawa. Yai lisilorutubishwa kwa sisimizi hutoa dume, basi malkia huyo hana mbegu na hatapata mfanyakazi hata mmoja. Hakuna tiba. Wa spishi za nchi za baridi, kama Lasius niger, anaweza pia kusimama kutaga kwa sababu msimu umefika. Anahitaji miezi mitatu au minne kwenye nyuzi 5 hadi 8, pamba ikiwa na maji. Wa nchi za joto usimpeleke kwenye friji.

Wafanyakazi wakifika 10 hadi 20, weka testityubu ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kuta laini, ufungue pamba ya mlango uache tundu la milimita 3. Hapo wataanza kutoka wenyewe, na takataka utazikuta nje, si kwenye chumba cha watoto. Ukingo wa juu upake mchanganyiko wa poda ya talki na spiriti, mzito kama rangi ya ukutani, ukanda wa sentimita 3 kuzunguka pande zote, uache ukauke kabisa kabla ya kuwaingiza. Usivute vumbi lake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi poda hushika maji na kuacha kuteleza, kwa hiyo fanya na kifuniko chenye wavu mwembamba.

Kiota cha jasi au cha zege la povu kinaweza kungoja mpaka wafike 50 hivi. Kiota kikubwa kwa koloni changa hugeuka jalala: vyumba visivyokaliwa hujazwa mabaki ya wadudu, ukungu unaota kwenye pembe usizoweza kuzifikia, na wafanyakazi wachache hawatoshi kulinda malkia na unyevu kwa pamoja. Kipime kwa macho: wakikusanyika wote na watoto wao, wajaze karibu nusu ya nafasi uliyowapa. Kabla ya kukiunganisha, loanisha upande mmoja tu, ubaki na upande mkavu, kisha tazama mabuu wanawekwa wapi na pupa wapi. Hiyo ndiyo itakuonyesha kiasi cha maji cha kuongeza wiki inayofuata.