Pamba kwenye ndoo 12: kumbukumbu ya maji na joto

Januari 4

Kazi yangu ni cherehani, Magomeni hapa Bagamoyo. Pamba naijua ikishakuwa kitambaa. Ikiwa bado mmea nilikuwa naiona kwa mjomba tu, Bariadi, nikienda kumsalimia. Msimu uliopita alinipigia simu sauti ikiwa imemshuka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, shamba lake la mbugani likajaa maji, kisha mawingu yakaondoka ghafla na jua likawaka kweli kweli. "Mpwa wangu, maji nimeyazoea. Jua nimelizoea. Safari hii vimekuja pamoja, na vitumba vimepukutika vyote." Vitumba ndiyo matunda yanayobeba pamba.

Hilo neno "pamoja" limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Leo nimepanda. Ndoo 12 za lita 20, mbegu za manyoya alizonitumia mjomba kwa basi. Mchanga wa hapa kwetu haushiki maji, kwa hiyo nimeuchanganya na udongo mzito wa bonde la Ruvu, walikolima mpunga. Kila ndoo ina tundu chini, na kila tundu lina kizibo nilichokata kwenye soli ya ndala kuukuu.

Mpango wenyewe: ndoo 3 ziishi kawaida, 3 zizibwe zijae maji, 3 zikae kwenye kibanda cha nailoni zipate joto, na 3 za mwisho zipate yote mawili.

Januari 29

Zimeota zote. Nimepunguza miche, nimebakiza mmoja kila ndoo.

Machi 7

Maua! Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe kama maziwa, kesho yake limegeuka waridi, na baada ya siku chache linanyauka na kuacha kitumba kichanga. Kila ua linalofunguka nalifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, ili baadaye nijue lipi lilishika na lipi lilidondoka. Nitafunga maua 20 kwa kila kundi. Ni lazima kuhesabu hivi, kwa sababu pamba hata ikiwa na afya njema huangusha zaidi ya nusu ya machipukizi, maua na vitumba vyake. Asiyejua hilo ataona vilivyodondoka chini na kulaumu mvua bure.

Kibanda cha nailoni tayari nilikiweka wiki mbili nyuma, kwa sababu chavua hutengenezwa siku nyingi kabla ua halijafunguka. Nje saa nane mchana ni nyuzijoto 33, ndani ya kibanda 38.

Machi 9

Nimeziba matundu ya ndoo 6 na kujaza maji mpaka yasimame vidole viwili juu ya udongo.

Asubuhi nilifanya jambo ambalo lilinikalisha chini kwa muda. Nilichukua kipande cha kitambaa cheusi, masalio ya buibui, nikakung'utia juu yake ua la ndoo ya kawaida. Likaacha vumbi la manjano hafifu, chembe kubwa ninazoziona bila miwani. Nikakung'uta ua la kibandani. Hakuna kitu. Vifuko vya chavua vilikuwa vimefumba, vigumu, kama kitu kilichokaushwa kabla ya kuiva. Ua zima, zuri, halina cha kutoa.

Machi 12

Siku ya 3 ya maji. Ndoo za maji zinanuka mayai viza. Mashina, pale maji yanapoishia, yametoa vivimbe vyeupe kama chunusi: mmea unafungua njia ya kuvuta hewa, kwa sababu mizizi haipumui.

Nimeazima kile kipimajoto cha bastola kilichokuwa kikitumika milangoni wakati wa korona. Kinapima joto la jani bila kuligusa. Saa nane mchana, nje nyuzijoto 33:

jani la ndoo ya kawaida, 30;
jani la ndoo ya maji, 35;
jani la kibandani, joto la humo likiwa 38, nalo 35;
jani la kibandani lenye maji, 41.

Nilirudia kupima mara tatu. Jani lenye afya hujipoza kwa kutoa mvuke, kama mtu anavyotoa jasho. Mizizi ikizama inashindwa kupandisha maji, vitundu vya jani vinafumba, na jani linabaki juani bila jasho. Mmea umesimama ndani ya maji huku unaungua.

Na joto nalo linaharakisha madhara kule chini, kwenye mizizi. Maji ya nyuzijoto 20 hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 35 hushika karibu 7 tu. Wakati huohuo mizizi na vijidudu vya udongoni, vikipata joto, vinahitaji oksijeni nyingi zaidi. Tena ndani ya maji oksijeni husafiri polepole kuliko hewani kwa takribani mara 10,000. Kwa hiyo siku moja ya mafuriko kwenye joto haiwezi kulinganishwa na siku moja ya mafuriko kwenye baridi. Na juu angani, kila nyuzijoto 1 inayoongezeka huipa hewa uwezo wa kubeba takribani asilimia 7 zaidi ya mvuke, na mvuke huo hurudi chini kama mvua, kwa hiyo jua kali na mvua kubwa ni watoto wa mama mmoja. Mjomba ataendelea kukutana nao pamoja.

Machi 13

Kizibo cha ndoo ya 11 kiliachia usiku. Ni ya kundi la yote mawili. Maji yametoka yote, nimeudhika sana. Nimeamua kuiacha hivyo hivyo na kuandika.

Machi 15

Nimefungua ndoo zote baada ya siku 6. Majani ya chini yamekuwa ya manjano: naitrojeni, chakula cha majani, imepotea.

Aprili 2

Nyuzi nyekundu zilizobaki na kitumba, kati ya 20: kawaida 9, maji 6, joto 5, yote mawili 1. Maji peke yake yaliacha 6 kati ya kila 9, joto peke yake 5 kati ya kila 9; ukiyazidisha pamoja ningetegemea kundi la mwisho libakize kama 3. Ndoo chache haziwezi kusemea shamba zima, lakini hicho kitumba kimoja kiko kwenye ndoo ya 11, ile iliyovuja.

Nilimpigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Zimesemaje ndoo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mfereji wa kutoa maji usisubiri mvua ikatike."

"Uchimbwe kabla ya kupanda, mjomba. Na pamba ikae juu ya matuta."

Akasema kona ya chini ya shamba, inayotuama kila mwaka, msimu ujao ataipa mpunga.

Aprili 30

Kitumba cha ndoo ya 11 kimepasuka. Kina vyumba 4. Vitatu vimejaa, cha nne mbegu zake zimesinyaa, bapa kama ganda la ufuta. Nimezitenga mbegu nzuri, ziko 19, kwenye kikasha cha vifungo. Desemba nitazipanda tena na kufungua vizibo kwa zamu: saa 24, saa 48, saa 72.