Red Dead na watu wa Chikongola

Kwenye kibanda cha gemu pale Chikongola, Mtwara, hakuna anayeikosoa Red Dead Redemption 2, gemu ya makauboi wa Marekani. Ilitoka Oktoba 2018 ikasifiwa mno, basi ukishika pedi unatarajia risasi kila dakika. Mimi nilikutana na farasi anayejikokota kwenye theluji, hadithi ikiwa ya mwaka 1899, kisha Arthur Morgan, mhusika unayemchezesha, anafungua droo moja moja kana kwamba kuna korosho zimefichwa humo. Kaka mwenye kibanda anatoza kwa saa. Gemu ya mwendo huo inakula hela (yeye, bila shaka, anaipenda).

Lakini kuvua samaki ndani ya gemu? Hapo sina neno. Wenzangu wanadai iwekwe FIFA, mie nasubiri mshipi ukaze. Misheni za kufukuzana zinanichosha, mtanisamehe. Kwa kumi naipa saba, na nne kati ya hizo ni za mto.